Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huona uzito kuondoka Mwanza?

Kila mitihani ya mwisho inapokaribia katika vyuo vya Mwanza, kuanzia Malimbe kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino hadi kilima cha Bugando wanakosomea madaktari na wauguzi, hujitokeza jambo ambalo wazazi walioko Mbeya, Lindi au Tanga hulishangaa. Kijana wao, ambaye alipofika alilalamikia vilima na mawe, sasa anatuma maombi ya kazi huku akiomba kimoyomoyo apangiwe palepale. Ukoo wake hauko Mwanza, shamba hana, na chumba anachoishi ni cha kupanga. Kinachomshika ni nini?

Wengi hujibu haraka kwamba ni mazoea, na jibu hilo lina ukweli wake. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionesha kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekiona mara nyingi, hata kama ni alama isiyo na maana yoyote kwao. Hata hivyo, mazoea peke yake hayatoshi, kwa maana ukumbi wa mitihani nao umeonekana mara nyingi na hakuna anayeulilia.

Kinachoshika zaidi ni ujuzi wa mahali, ambao hujengeka polepole na haufungashiki kwenye begi. Mwanafunzi aliyekaa Mwanza miaka mitatu anafahamu kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mavuno hupungua na bei hupanda, na giza likirudi ndipo inapofaa kwenda Mwaloni, Kirumba, kununua wa kutosha. Anajua kwamba vyumba vya juu mlimani, kule ambako bodaboda inaishia njiani na mpangaji anamalizia kwa miguu, aghalabu huwa nafuu kuliko vya bondeni. Ana mamantilie anayempa ugali na sato kwa mkopo bila kuandika popote, akingoja bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, kwa neno moja tu: “Utalipa bumu likitoka, mwanangu.” Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; huyu jembe alikwisha kupewa zamani, na amelima.

Wachumi nao wamelitazama jambo hili. Mwaka 1962 Larry Sjaastad alieleza kuhama kuwa aina ya uwekezaji, wenye faida na gharama zake. Baadhi ya gharama hizo huhesabika kwa fedha, kama vile nauli na kipato kinachokosekana wakati mtu anatafuta kazi mahali papya, lakini nyingine ni za moyoni, yaani kuacha watu na mazingira aliyoyazoea. Hakuna anayepokea malipo ya gharama hizo za moyoni, na bado zinaathiri uamuzi, kwa kuwa mtu anaweza kukataa mshahara mkubwa zaidi kwingine kwa ajili yake. Kwa mwanafunzi wetu, kuhamia Dar es Salaam au Arusha ni kuanza upya kutafuta mtu wa kumkopesha chakula, tena katika miezi ileile ambayo mfukoni hana kitu.

Kutafuta kazi kwenyewe huongeza uzito huo. Mtihani wa mwisho ukipita, mkopo wa Bodi ya Mikopo hukoma, ratiba ya vipindi hutoweka, na wenzake wa chumba hurejea makwao mmoja mmoja, hata ikafika mahali mji ndio kitu pekee cha maisha yake ya chuo ambacho hakijabadilika. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba kupoteza kitu humuuma mtu kuliko anavyofurahishwa na kupata kitu cha thamani ileile. Mwanza anaishika mkononi, ilhali kazi ya Mtwara bado ni mstari mmoja katika tangazo lenye waombaji wengi.

Je, ni busara kuufuata mvuto huo? Kwa maoni yangu, inategemea mlango wa ajira anaoubisha. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionesha mwaka 1973 kwamba taarifa za nafasi za kazi mara nyingi huja kupitia watu ambao mtu huonana nao kwa nadra, kuliko marafiki wa karibu, kwa sababu marafiki wa karibu aghalabu wanajua yaleyale anayoyajua yeye. Kwa anayelenga kiwanda cha minofu ya samaki, redio ya mjini, zahanati binafsi au kampuni inayohudumia migodi ya Geita, watu wa namna hiyo, kama msimamizi wa mafunzo kwa vitendo au jirani wa jumuiya, wako Mwanza, na kubaki kunamsaidia. Kwa mwalimu au muuguzi anayesubiri Serikali hali ni tofauti. Maombi ya Sekretarieti ya Ajira hutumwa mtandaoni, na anayefaulu usaili anaweza kupangiwa kituo popote nchini, kwa hiyo kulipa kodi Nyegezi miezi sita zaidi hakumsogezi hata hatua moja.

Isitoshe, maana ya kuondoka Mwanza nayo inabadilika. Zamani aliyepangiwa Sengerema au Geita alitenganishwa na mji kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, pamoja na foleni yake. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya daraja la urefu wa takribani kilometa 3, na safari ya kuvuka ni ya dakika chache. Mhitimu anayeripoti kituo chake kipya ng'ambo ya ghuba anaweza kurudi Jumamosi kununua dagaa Mwaloni na kumalizia deni la mamantilie.