Gego la miaka sita: kwa nini kijijini linang'olewa na mjini linazibwa

Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hulihesabu kuwa la utotoni na kusema, "Acha, litang'oka lenyewe." Likitoka hilo, haliji jingine. Juu yake lina mifereji inayonasa chakula, na mara nyingi ndilo la kwanza kutoboka. Chukua watoto wawili wa miaka tisa wenye tundu la ukubwa uleule kwenye gego hilo, mmoja Kinondoni, Dar es Salaam, mwingine kijijini Kilindi, Tanga. Wa Kinondoni, mzazi akiwa na bima au fedha, atazibwa wiki hiyohiyo. Wa Kilindi huenda asifike kwenye kiti cha meno hadi shavu livimbe, na siku hiyo kilichobaki ni kung'oa.

Zahanati ya kijiji kwa kawaida haina huduma ya meno. Huanzia kituo cha afya, na kwingi ni mpaka hospitali ya wilaya. Mtoto hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku ya shamba imepotea. Jino likishaoza hadi kwenye kiini, yaani sehemu laini ya ndani yenye neva, kuliokoa kunataka matibabu ya mzizi, picha ya eksirei, na mara nyingi zaidi ya safari moja. Kung'oa kunaisha siku ileile. Mzazi anayechagua kung'oa amepiga hesabu sahihi kwa mfuko wake, na si haki kumwita mzembe.

Upande wa kituo nao una hesabu yake. Kuziba kwa mashine kunategemea umeme, maji na kompresa, yaani mashine ya kusukuma hewa. Tangi la kompresa lisipomwagwa maji kila siku, unyevu huingia kwenye mipira na mashine ya kuchongea, na fundi yuko mkoani. Kung'oa hakuhitaji vyote hivyo: ganzi, eleveta (chombo cha kulegeza jino) na koleo vinatosha. Kwa hiyo kompresa ikifa, kiti kinageuka kuwa cha kung'olea tu.

Lakini iko njia ya kuziba isiyohitaji umeme, na ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya udaktari wa meno Dar es Salaam, kazi iliyoongozwa na Mholanzi Jo Frencken. Kwa kifupi huitwa ART (Atraumatic Restorative Treatment), yaani kuziba kwa vifaa vya mkono; si ile ART ya dawa za VVU. Vifaa vyake vinaingia kwenye mfuko mmoja: kioo cha kinywa, probu (sindano ya kuchunguzia), kibano, hacheti (patasi ndogo ya mkono), vijiko vya kukwangulia vya ukubwa tofauti, kikarvu (cha kuchongea saruji), pamba, na saruji ya kuzibia iitwayo glasi ayonoma. Mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa tabibu, hatua ni hizi. Zungushia jino pamba, lisafishe kwa pamba yenye maji, kisha panua mdomo wa tundu kwa hacheti hadi kijiko kidogo kabisa, cha takribani milimita 1, kiingie. Anza kukwangua pembeni, pale enameli (gamba gumu la nje) inapokutana na dentini (tabaka la chini yake), na pembeni hapo usibakishe kitu laini. Juu ya kiini uwe mpole: kama tundu ni refu, ni heri kubakisha tabaka jembamba kuliko kukitoboa kiini. Paka asidi ya kulainishia kwa sekunde 10 hadi 15, osha kwa pamba yenye maji mara mbili tatu, kausha kwa pamba kavu. Changanya unga na maji ya saruji kwa kipimo cha mtengenezaji ndani ya sekunde 30, jaza tundu na mifereji ya jirani, kisha bonyeza kwa kidole chenye mafuta ya mgando. Ondoa iliyozidi, mwambie aume, punguza panapogusa juu, paka mafuta tena. Mtoto asile kwa saa moja.

Saruji inapodondoka baada ya miezi michache, kosa huwa mojawapo kati ya haya. Mate yaliingia, kwa sababu pamba haikubadilishwa ilipolowa. Uozo ulibaki pembeni. Au mchanganyiko ulikuwa mbaya: chupa ya maji ya saruji ilishikwa kwa kuinama, tone likatoka na hewa, uwiano ukaharibika. Saruji nzuri bado inang'aa unapoiweka. Ikishafifia, itupe, hata kama roho inauma. Unga nao ukiachwa wazi, hasa Pwani kwenye unyevu, haugandi vizuri. Na tundu lililokula pande mbili za jino halidumu kama la upande mmoja, basi mweleze mzazi mapema.

Kwa mtoto mdogo asiyetulia kuna dawa ya maji yenye fedha na floridi, ya asilimia 38, inayosimamisha uozo kwa kupakwa tu. Paka mafuta ya mgando kwenye midomo na fizi kwanza, kwani inaacha doa. Tundu hugeuka jeusi na hubaki jeusi. Mzazi aonyeshwe picha kabla, si baada.

Njia hizi zinawafaa pia wanaosahaulika hata mjini. Mwenye kiti cha magurudumu si lazima ahamishwe: simama nyuma yake, egemeza kichwa chake kifuani kwako, fanya kazi. Mjamzito anayeambiwa asubiri ajifungue anaweza kuzibwa, na miezi ya nne hadi ya sita ndiyo yenye nafuu zaidi kwake. Mlaze akiegemea kidogo ubavu wa kushoto.

Mganga mfawidhi, wewe mkuu wa kituo, fungua rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ya kinywa na meno ya miezi mitatu iliyopita. Hesabu yaliyong'olewa na yaliyozibwa, kisha tenga watoto wa chini ya miaka 15. Kama safu ya kuziba ni tupu, nenda kabatini kabla ya kumlaumu tabibu wa meno: angalia saruji ipo au imeisha muda, na kama iliwekwa kwenye maoteo ya mwaka, yaani makadirio ya mahitaji ya kituo.