Saa ya dhahabu ni pembe ya jua, si rangi ya picha

Siku hizi picha yoyote yenye umanjano kidogo inaitwa picha ya saa ya dhahabu. Twiga kapigwa saa tisa na nusu alasiri, kivuli chake hakijamzidi hata kimo. Mwenye picha kaingia kwenye programu ya simu, kavuta kile kitufe cha kupasha rangi joto hadi nyasi zikawa kama samli, kisha chini yake kaandika "saa ya dhahabu, Amboseli". Twiga wa watu hana kosa. Jina ndilo lililokosewa.

Maana yenyewe ni fupi. Saa ya dhahabu ni kipindi ambacho jua liko chini sana angani, takriban nyuzi 6 juu ya upeo wa macho kushuka hadi upeo wenyewe, na wengi huhesabu hadi nyuzi 4 chini yake. Asubuhi mambo ni hayo hayo kinyumenyume. Jua likiwa pale, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi mno kabla ya kukufikia: kwenye nyuzi 6 ni karibu mara tisa ya hewa unayoipata jua likiwa utosini, na kwenye upeo wa macho ni zaidi ya mara 30. Njiani hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, jambo ambalo Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alilieleza kwa hesabu mwaka 1871. Kinachobaki kukufikia ni manjano, chungwa na wekundu. Pia mwanga huja kwa ubavu, na huo ubavu ndio unaochonga matuta, mikunjo ya ngozi ya tembo na kila jani la nyasi. Rangi unaweza kuibandika baadaye kwenye simu. Ubavu huwezi.

Sasa neno "saa". Hapa ndipo watu wanapotezana, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini: fika saa moja kabla ya machweo, una saa nzima ya kupiga. London mwezi Juni jua huzama kwa mshazari, linateleza kando kando kama halitaki kwenda, na kutoka nyuzi 6 hadi upeo wa macho huchukua karibu dakika 50. Ukijumlisha na sehemu ya baada ya kuzama, unapita saa nzima bila shida. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi 6 zinaisha kwa dakika 24, au 26 hivi kwenye Juni na Desemba. Pamoja na kipande cha baada ya jua kuzama unapata dakika 40 na kidogo. Anayefika uwanjani saa moja kabla, akaanza kupiga kwa pupa, anarudi na kadi iliyojaa jua la alasiri.

Wala usiseme "saa kumi na moja na nusu jioni" kana kwamba hiyo ni jibu la nchi nzima. Dar es Salaam na Kigoma zinafuata saa ileile, lakini Kigoma iko magharibi zaidi kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, hivyo jua la kule huzama takriban dakika 40 baada ya la Dar. Wakati wa Dar wanafunga miguu ya kamera, wa Kigoma ndiyo kwanza wanatafuta pa kusimama ufukweni mwa Tanganyika, jua likielekea milima ya Kongo.

Kipimo cha kuaminika unakibeba mwenyewe: kivuli chako. Kwenye nyuzi 45 kivuli ni sawa na kimo chako. Kwenye nyuzi 6 ni mara tisa na nusu. Mtu wa kimo cha kawaida atahesabu zaidi ya mita 15 kutoka miguuni hadi kichwa cha kivuli. Kama kivuli chako bado unaweza kukiruka, nenda kanywe chai kwanza.

Lakini hicho kipimo kinadhani kuna upeo wa macho, na si kila mahali upo. Ngorongoro ni mfano ninaoupenda kwa sababu unawakera wengi. Ukuta wa kreta una kimo cha mita 600 hivi kutoka sakafuni. Ukiwa chini kule, ndani ya kilomita 5 au 6 kutoka ukuta wa magharibi, jioni jua linajificha nyuma ya ukuta kabla halijafika hata nyuzi 6. Hapo mwanga wa saa ya dhahabu haukufikii kabisa, hata kama simu inasema imeanza. Kinyume chake ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kilele kiko mita 5,895, tambarare ya Amboseli mita 1,100 na ushei, kwa hiyo alfajiri kilele hupigwa na jua dakika kadhaa kabla ya walio chini. Kuna muda mfupi ambapo theluji ina rangi ya waridi na tembo walio mbele yake bado wako kwenye kivuli cha buluu. Ndio muda wa kupiga, kwa sababu asubuhi ikisonga mawingu hupanda na mlima ukafunikwa. Na wanaosubiri machweo ya baharini Paje, Zanzibar, waambiwe tu ukweli: ufuko ule unatazama mashariki, dhahabu yake ya baharini ni ya asubuhi. Ya jioni iko Mji Mkongwe au Kendwa.

Jambo dogo la kamera, kwa kuwa huwa linaulizwa. Ukiacha mpangilio wa rangi ya mwanga, ule unaoandikwa WB, ujiamulie wenyewe, kamera hudhani manjano yale ni kasoro na kuyafuta. Weka alama ya jua. Wengi hufutiwa dhahabu ya kweli na kamera, kisha huirudisha ya bandia kwenye simu.

Kuna pia wanaochanganya kipindi hiki na utusitusi. Jua likishazama vya kutosha, kati ya nyuzi 4 na 6 chini ya upeo, kila kitu hugeuka buluu na vivuli vinatoweka. Kwetu hicho kipande hakifiki hata dakika 10. Ni kizuri sana kwa majahazi na taa za mji, ila si dhahabu.

Mwisho, masika yakianza, utasikia mtu akisema leo hakuna saa ya dhahabu, kuna mawingu. Ipo. Jua limefika kwenye pembe yake, ni mwanga tu haujapita. Upande wa magharibi ukifunguka hata kidogo chini ya wingu, jua litapenya kwa dakika chache na kumulika matumbo ya mawingu yote kutoka chini. Yale membamba ya juu huendelea kuwaka dakika 10 hadi 15 baada ya jua kuzama, wakati wenye haraka wako kwenye gari. Lisipofunguka, sema jua limefichwa, inatosha. Na kama siku hiyo uko msitu wa Amani au kwenye maporomoko ya Materuni, wala usilalamike: chini ya wingu zito majani yaliyolowa hayameti ovyo, na maji hayaungui kuwa weupe mtupu.