"Dokta, si unaona haijaekspaya?"

Haipiti wiki bila mteja kuweka boksi la dawa juu ya kaunta ya famasi yangu, kidole kimegota kwenye maandishi ya EXP, akaniuliza swali hilo kama mtu aliyeshinda kesi. Tarehe naiona. Mimi nataka kujua dawa ilikuwa wapi.

Mtengenezaji ametoa tarehe ile kwa masharti, na masharti ameyaandika papo hapo kwenye boksi, pale ambapo hasomi mtu: ihifadhiwe chini ya nyuzi 30, pakavu, mbali na mwanga. Nyingine ni chini ya nyuzi 25. Ukiyavunja, usinionyeshe tarehe. Mchana wa Februari Dar es Salaam, joto la kivulini tu hupita nyuzi 30. Chumba kilichoezekwa bati bila dari, au gari lililofungwa vioo, usiulize. Dawa ikishinda humo wiki kadhaa, boksi litaendelea kusema 2027 huku nguvu ya dawa ikipungua, na mara nyingi kwa macho hutagundua kitu. Angalau aspirini ina uungwana: ikipata unyevu huvunjika, ukifungua kopo unasikia harufu ya siki. Insulini haina huruma hiyo. Ikisukumwa karibu na friza ikaganda, inaweza kuyeyuka ikaonekana safi kabisa, kumbe imeharibika na ni ya kutupa. Mgonjwa anajichoma, sukari haishuki, dozi inaongezwa, lawama anabeba daktari.

Ndiyo maana famasi ina kipimajoto ukutani na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni. Wapo wanaokiona pambo. Ushauri wangu, na nitaurudia hadi nistaafu: ukiingia famasi, kabla ya kuuliza bei, tafuta kipimajoto, kisha chungulia friji. Ukikuta soda na kontena la pilau kando ya insulini, aga utoke.

Baada ya maelezo hayo mteja huniambia, "Basi zote nitaweka kwenye friji." Jamani! Insulini isiyofunguliwa, sawa, nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa, aina nyingi huvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban siku 28. Dawa ya maji ya mtoto ya amoksilini yenye klavulaneti, ikishachanganywa na maji, inakaa kwenye friji siku 7 halafu inatupwa, hata kama EXP ni mwakani. Ile tarehe ilikuwa ya unga. Vidonge vya kawaida havitaki friji; ukivitoa na kuvirudisha unaviletea unyevu. Viweke kabatini chumbani, si jikoni wala bafuni.

Halafu kuna wanaopopoa vidonge vyote na kuvimwaga kwenye kikopo kimoja "visichukue nafasi". Ganda lile ndilo linalozuia unyevu, na ndilo lenye namba ya toleo, yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ikitangaza kuondoa toleo fulani sokoni, utajuaje kama ni lako?

Maneno mengine ya wateja nayapitia haraka. "Ya bei rahisi ni feki." Bei haisemi kitu. Dawa yenye kiambato kilekile inaweza kushuka bei kwa sababu hulipii jina, na wanaoghushi hupenda sana kuiga zile za gharama zenye soko. Nunua kwenye duka lenye kibali, dai risiti.

"EXP 08/2027 ina maana ikifika Agosti mosi imekwisha." Hapana, ni hadi tarehe 31.

"Duka la dawa muhimu ni famasi ndogo." Mpango wa maduka hayo ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili watu walio mbali na famasi wapate dawa za msingi. Orodha yake ina mipaka na muuzaji wake ana mafunzo maalumu, lakini si mfamasia. Akikwambia dawa fulani hauzi, anafuata sheria, usimbembeleze.

Na hili linalonigombanisha na watu wazima wenye heshima zao: "Sijaifungua hata kidogo, nirudishie hela yangu." Mzee wangu, nakuamini. Ila ilipotoka hapa kaunta sijui ilipanda daladala gani wala ilikaa dirisha lipi. Nikiirudisha kwenye shelfu, nitamuuzia mwenzako kitu ambacho siwezi kukidhamini. Kama dawa ina kasoro au mimi ndiye niliyekupa isiyo yako, lete tuongee. Kama daktari amekubadilishia tu, hela hairudi.