Kushuka kwa volti: kwa nini kamera ya getini huzima magharibi

Mchana picha ilikuwa safi, hata mtu akipita na baiskeli unamtambua. Adhana ya magharibi ikishatoka, picha inaanza kutetemeka, mistari inaingia, halafu kioo kinakuwa cheusi. Alfajiri inarudi yenyewe. Mama mwenye nyumba, huko Raskazone hapa Tanga, alikuwa ameshabadilishiwa kamera mara mbili.

"Mwanangu, hii nyumba ina nini?" aliniuliza.

"Nyumba haina neno, mama. Shida ni waya."

Kilichokuwa kinamsumbua kinaitwa kushuka kwa volti. Adapta inatoa volti 12, lakini waya nao una ukinzani wake, yaani unauzuia umeme kidogo, na kila umeme unapopita, sehemu ya zile volti inaishia njiani. Kamera inapata kilichobaki. Kamera nyingi za volti 12 zinavumilia pungufu ya asilimia 10, yaani mpaka 10.8 hivi. Baadhi hujikongoja chini ya hapo, ila si za kutegemea.

Kwa nini basi iwe magharibi? Kwa sababu giza likiingia, kamera inawasha taa zake za infraredi, zile nukta nyekundu hafifu kuzunguka lenzi. Kamera iliyokuwa inakula ampea 0.2 mchana inaweza kufika 0.5 usiku. Volti zinazopotea ni ampea (kipimo cha umeme unaopita) mara omu (kipimo cha ukinzani) za waya, kwa hiyo mzigo ukizidi na upotevu unazidi.

Hapo ndipo fundi aliyetangulia alipokosea. Alichomoa kamera, akapima ncha za waya zikiwa tupu, akasoma 12 kamili, akahitimisha kwamba kamera ni mbovu. Waya usiobeba mzigo haupotezi kitu. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani: ukiziba mdomo wake kwa kidole presha imejaa, ukiachia ndipo unaona maji yalivyolegea. Pima kamera ikiwa imeunganishwa na inafanya kazi.

Tupige hesabu ya nyumba ile. Kutoka sebuleni hadi getini ni mita 30, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za uzi. Wengi husahau safari ya kurudi. Uzi mmoja wa shaba ndani ya Cat5e, ule waya wa netiweki wenye jozi nne za nyuzi, una ukinzani wa omu 0.084 hivi kwa mita, basi jumla ni kama omu 5. Mchana inapotea volti 1, na kamera inaona vizuri. Usiku zinapotea 2.5, inabaki 9.5. Hiyo ni shaba halisi, na waya wa mama haukuwa shaba.

Niliukwangua kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe: ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na getini usiku nilisoma volti 8 na kidogo. Madukani waya huu unauzwa kwa jina lilelile la Cat5e, kwenye boksi lilelile la mita 305, ingawa viwango vya kimataifa vya Cat5e na vya kaka yake Cat6 vinataka shaba tupu. Linaloniuma ni kwamba mnunuzi anaamini amepata nafuu, kumbe atalipa fundi mara tatu. Kabla hujatoa pesa nyanyua boksi, maana la alumini ni jepesi kuliko la shaba, kisha omba kukwangua ncha. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

Kwa nyumba za Ngamiani zilizobanana, kamera iko mita 10 tu kutoka kwenye DVR, mashine inayorekodi picha. Hapo jozi moja ya shaba inatosha bila wasiwasi. Tatizo huanza kwenye viwanja vikubwa, Raskazone au Sahare. Kama unatumia Cat5e na baluni (kifaa kidogo cha kupitisha picha ya kamera kwenye jozi ya nyuzi), jozi moja inabeba picha na zinabaki tatu. Ziunganishe zote tatu kwenye umeme, na upotevu wa mita 30 unashuka kutoka 2.5 hadi chini ya volti 1. Au vuta waya wa 1.5, ule wa taa za ndani, uwe wa umeme wa kamera peke yake, kwenye bomba lake mbali na umeme wa nyumba. Waya wa dishi hupeleka picha vizuri ila umeme bado utautafutia njia nyingine.

Kama ndiyo kwanza unajenga, mimi ningekushauri kamera za netiweki zenye PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya wa netiweki. Waya mmoja wa Cat6 unabeba picha na umeme, na umeme wenyewe unasafiri kwa volti 48 hivi. Kamera ya wati 6 kwa volti 12 inataka ampea 0.5, kwa volti 48 inataka 0.125 tu. Kwenye mita zilezile 30 inapotea kama theluthi moja ya volti, tena kati ya 48. Mwisho wake ni mita 100 kwa kipande kimoja.

Na kwetu Tanga kuna chumvi. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, upepo wa bahari ukikipiga msimu mmoja, kinaota ukungu wa kijani, na ukungu huo ni ukinzani juu ya ukinzani. Usiunge waya njiani. Viungo vya mwisho viwe ndani ya kiboksi kisichoingiza maji, waya wa nje uwe wenye ganda jeusi linalohimili jua, na kabla haujaingia kwenye kiboksi uache ulegee kwa chini ili maji ya masika yadondokee hapo.

Kwa mama tulivuta waya wa 1.5. Sikungoja usiku kuujaribu: nilifunika kamera kwa kanga iliyokunjwa mara nne, taa za infraredi zikawaka, nikapima. Kipimo kikasoma volti 11.6.