"Mtunzi ametudanganya": dhana potofu za wafumbuzi wa chemshabongo

Nawafundisha watu kufumbua chemshabongo za mafumbo, zile ambazo vidokezo vyake vina maana mbili, na kila kundi jipya linakuja na lawama ileile: "Jibu lilikuwa kichwani mwa mtunzi tu." Nimechoka kuisikia. Imewafanya watu werevu wengi waweke kalamu chini kabla hata hawajaanza kazi.

Kidokezo halali kina sehemu mbili. Ya kwanza ni maelezo ya wazi ya jibu, na haya hukaa mwanzoni au mwishoni, kamwe si katikati. Ya pili ni mchezo wa maneno unaokufikisha kwenye jibu hilohilo kwa njia nyingine. Chukua hiki: "Mnyama mkali yumo, si mbali (5)". Anayekisoma kama habari anaanza kuwaza vichaka. Achana na habari! Maelezo ni "mnyama mkali". "Yumo" inakuelekeza utafute ndani ya herufi zinazofuata. Ziandike bila nafasi: SIMBALI. Kata mbili za mwisho, unabaki na SIMBA, herufi tano kama mabano yalivyosema. Uongo uko wapi hapo?

Kuna kingine: "Mali imevurugika, shika jembe (4)". Wengi huniletea MILA, kisha wanadai kila jibu linafaa. Halifai. Ni kweli "imevurugika" inakuagiza uzipange upya herufi za "mali", na ukizipanga unaweza kupata MILA au IMLA, lakini hakuna hata moja inayokidhi maelezo ya mwishoni. Kushika jembe ni kulima, na kwa kuwa "shika" ni amri, jibu nalo ni amri: LIMA. Mtunzi wa Uingereza aliyejiita Afrit aliiandika kanuni hii mwaka 1949: mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema, ila ni lazima aseme anachomaanisha.

Ushauri wangu, ambao nitaurudia hadi sauti ikauke: soma maneno ya mwanzo peke yake, kisha ya mwisho peke yake, na ujiulize ni upande upi unaoweza kuwa maelezo. Mkato na herufi kubwa vipuuze kabisa, maana mara nyingi vimewekwa vikupoteze.

Wengine wanasema mchezo huu unataka msamiati mgumu. "Mnyama wa kukunia nazi (5)" ni MBUZI. "Samaki wa kuangazia chumba (3)" ni TAA. Hapa pande zote mbili ni maelezo, na maneno yenyewe ni ya jikoni na ya pwani. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza neno hili lina maana gani nyingine.

Kufungua kamusi si wizi. Ifungue, ila baada ya kuhangaika mwenyewe kwanza. Wala hulazimiki kuanza na namba 1 Kulia. Anza na kidokezo chenye neno la kuvuruga, kurudi au kukosa kichwa, kwa sababu hayo hujitaja yenyewe.

Halafu wapo wanaosema mchezo huu ni wa Kiingereza na Kiswahili hakiuwezi. Mraba wenyewe, ndiyo, ulitoka kwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na Waingereza ndio waliouongezea hila za maana mbili. Lakini kufumba tulikuwa nako kabla ya hapo; Muyaka wa Mombasa alikuwa akifumba katika mashairi yake tangu karne ya 19. Na maneno yetu mafupi yenye irabu nyingi yanageuka kwa urahisi. "Ali akirudi ana kasoro (3)": soma Ali kinyumenyume, unapata ILA. "Simba asiye na kichwa, toa sauti tamu (4)": IMBA.

Hiki kifumbue mwenyewe: "Mnyama juu ya nyumba (3)". Ukijibu paka, hesabu herufi.