Viputo vya Miale ya Gama Juu ya Kitovu cha Galaksi Yetu

Mwishoni mwa Julai, mnamo saa nne usiku, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza na mbingu haina wingu, mkanda wa Njia Nyeupe huonekana ukipita karibu na utosi. Sehemu yake iliyo nene zaidi, penye kundinyota la Mshale, ndiko kiliko kitovu cha galaksi yetu, umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000. Lau macho yetu yangeona miale ya gama, yaani nuru yenye nishati kubwa kuliko zote, tungeona pia viputo viwili vilivyochomoza kutoka kitovuni, kimoja kaskazini na kingine kusini, kila kimoja na urefu wa miaka ya nuru ipatayo 25,000. Viligunduliwa mwaka 2010 na Meng Su, Tracy Slatyer na Douglas Finkbeiner, kwa kuchambua takwimu za darubini ya anga za juu iitwayo Fermi, iliyorushwa mwaka 2008.

Ndani ya viputo hivyo mna plazma, yaani gesi ambayo atomi zake zimenyang'anywa elektroni. Mwanga unaomlazimu mchomeleaji wa Mwanjelwa kuvaa miwani myeusi hutoka katika plazma pia, lakini hiyo hung'aa kwa joto, na joto peke yake halitoshi kuzaa miale ya gama ya viputo. Hapa kazi hufanywa na uga wa sumaku.

Chembe yenye chaji huzunguka nyuzi za sumaku, yaani mistari ya uga huo, na plazma inapokimbia huzibeba nyuzi hizo. Mpira ukigonga uso wa lori linalokuja kasi kwenye barabara ya Tunduma, hurudi na mwendo mkubwa kuliko uliokwenda nao; vivyo hivyo chembe inayorudishwa na sumaku iliyo mwendoni huongezewa nishati, na ikirudishwa mara nyingi mno hukaribia kasi ya nuru. Wazo hili lilitolewa na mwanafizikia Enrico Fermi mwaka 1949. Elektroni ya namna hiyo ikikutana na fotoni, yaani chembe ya nuru, iliyo dhaifu, ya mnururisho uliobaki tangu utoto wa ulimwengu, huisukuma ikawa mwale wa gama. Protoni nazo zikigonga gesi huweza kuzaa miale hiyo, na mjadala haujafungwa.

Kwangu, swali zito zaidi ni la umri. Elektroni hizo huishiwa nguvu katika miaka milioni chache, ilhali plazma inayokwenda kilomita 1,000 kwa sekunde ingehitaji miaka kama milioni 7.5 kufika kileleni mwa kiputo. Basi ama mlipuko uliovizaa viputo ulikuwa wa kasi zaidi, pengine kutoka kwenye shimo jeusi la kitovuni lenye tungamo la Jua mara milioni 4, ama elektroni zinaharakishwa upya humo humo njiani. Mng'ao wa viputo, ambao haufifii sana kadiri unavyopanda na kisha hukatika ghafla ukingoni, ni ushahidi ambao kila maelezo hayana budi kuujibu.