Dakika mbili za Hudson: jinsi msafara wa matangazo ulivyotengeneza gemu

Mezani kwangu, kati ya bisibisi na kopo la spiriti, kuna kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani. Hakichezi gemu yoyote. Kina kioo kidogo na vitufe, na kazi yake ni moja tu: kuhesabu umebonyeza mara ngapi ndani ya sekunde 10. Kinaitwa Shooting Watch, kilitolewa na kampuni ya Hudson ya Japani mwaka 1987, na karibu kila mteja anayeniletea konsoli ya zamani huishia kukibonyeza mpaka mkono umuume. Wengi wanaishia 70 au 80. Mimi siku nikijikaza nafika 104, halafu jioni nzima siwezi kushika bisibisi.

Watoto wa Japani wa enzi hizo walikuwa wanaifukuzia 160.

Namba hiyo ina mwenyewe. Toshiyuki Takahashi alikuwa mfanyakazi wa Hudson upande wa matangazo na mauzo. Hakuwa mchezaji wa kulipwa. Kazi hiyo haikuwepo bado. Hudson yenyewe ilianza mwaka 1973 mjini Sapporo kama duka la vifaa vya redio za wapenzi wa mawasiliano, ikaingia kwenye programu za kompyuta, na mwaka 1984 ikawa kampuni ya kwanza kutoka nje ya Nintendo kutoa gemu za Famicom, konsoli ya Nintendo ya kuchezea gemu kwenye televisheni. Mojawapo ya zile za mwanzo, Lode Runner, ilipita kaseti milioni moja. Sasa ilihitaji mtu wa kusimama mbele ya watoto na kuwaonyesha gemu mpya. Wakamsimamisha Takahashi, na jarida la watoto la CoroCoro likasaidia kulikuza jina lake: Takahashi Meijin.

Meijin ni cheo kizito. Katika shogi, yaani sataranji ya Kijapani, mtu hukipata kwa kumwangusha anayekishikilia, baada ya miaka ya jasho. Hapa kilivishwa afisa matangazo. Ni kama kiwanda cha mipira kimchukue mtu wake wa mauzo, kimwite Gwiji, kisha kimpandishe jukwaani. Ajabu ni kwamba mtu mwenyewe akasimama, kidole kikaanza kutetemeka kama cherehani, na kwenye skrini risasi 16 zikatoka ndani ya sekunde moja, bonyezo moja risasi moja. Watoto wakaona kwa macho yao.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hudson walikuwa na kizuri na bado wakakitembeza. Majira ya joto ya 1985, shule zimefungwa, wakapakia televisheni na Famicom na kuanza kuizunguka Japani. Waliuita Zenkoku Caravan, msafara wa nchi nzima. Gemu ya mwaka huo ilikuwa Star Force, ya chombo cha angani kinachofyatulia maadui risasi, iliyotokea kwenye mashine za sarafu za kampuni ya Tehkan, na Hudson ndio walioihamishia kwenye Famicom. Mtoto anakuja, anapanga foleni, anacheza, pointi zake zinaandikwa. Mwenye nyingi anasonga mbele.

Siri yote ya misafara hii ilikuwa saa. Mashindano yalichezwa kwa muda uliopangwa, na muda uliopata umaarufu kuliko yote ni dakika 2. Hukuchezea roho tatu, yaani nafasi tatu za kufa, mpaka ziishe. Kengele ikilia, unaacha.

Niliidharau sheria hiyo mwaka juzi, ikanitia adabu. Nilipanga televisheni nne uani kwangu na zile Famicom za bandia tulizokulia nazo miaka ya tisini, ambazo sisi tuliziita tu "TV game". Ndani ya kaseti zake zenye gemu kibao ndimo nilimoikuta Star Force mara ya kwanza, bila kujua ni ya nani wala imetoka wapi. Nikatangaza: roho tatu kila mtu. Kijana mmoja wa kama miaka 14 akakaa kwenye televisheni ya pili. Dakika 10 zikapita. Zikapita 20. Nikamgusa bega. "Anko, bado sijafa," akanijibu bila kugeuka. Na kweli alikuwa hajafa. Alipokufa, dakika ya 35, nusu ya foleni ilikuwa imehamia kwa muuza miwa.

Mchana nikaweka kengele ya simu kwenye dakika 2. Piga hesabu: hata ukiacha dakika nzima ya kubadilishana viti, televisheni moja inahudumia watoto 20 kwa saa, na wewe mwandaaji unajua foleni itaisha lini. Tena mtoto aliyeshindwa ndani ya dakika mbili hakasiriki akaenda nyumbani. Anarudi mwisho wa foleni. Yule yule wa dakika 35 alirudi mara nne, na hakushinda hata mara moja, kwa sababu alikuwa bado anacheza kwa kuogopa kufa.

Hapo ndipo palipo na utamu wenyewe. Gemu ya roho inakufundisha kujilinda: kaa nyuma, ua mmoja mmoja, kimbia. Gemu ya saa inakufundisha pupa. Kwenye Star Force kuna adui anaitwa Larios. Kiini chake kinatokea, na vipande vyake vinakuja kukizunguka ili viungane. Ukisubiri viungane, unapigana naye kama adui mwingine yeyote. Lakini ukikipiga kiini risasi 8 kabla havijaungana, unapata pointi 50,000 kwa mkupuo. Kwa kidole cha Takahashi, risasi 8 ni nusu sekunde. Kwa kidole changu ni karibu sekunde nzima, na mlango umeshafungwa.

Kwa hiyo Meijin jukwaani alikuwa anafanya zaidi ya mbwembwe. Alikuwa anawaonyesha watoto kwamba kuna pointi ndani ya kaseti ile ambazo kidole cha kawaida hakizifikii. Mtoto anarudi nyumbani, anaomba anunuliwe Star Force, anafanya mazoezi mwaka mzima. Na mwaka uliofuata Hudson wakaja na gemu yao wenyewe, Star Soldier, iliyotengenezwa huku msafara ukiwa akilini tangu mwanzo. Kwenye PC Engine, konsoli ya NEC na Hudson iliyotoka Oktoba 1987, wakafika mbali zaidi: ukichomeka kadi ya Super Star Soldier (1990) au Soldier Blade (1992), unakuta kwenye menyu yenyewe mchezo wa dakika 2 na wa dakika 5. Tangazo likawa sehemu ya bidhaa. Mpaka leo mashabiki wakisema "caravan" wanamaanisha aina hiyo ya mchezo wa saa, hata kama gemu haijawahi kupanda gari la Hudson.

Mafundi wenzangu huniuliza kama mashine ile kweli iliweza kunasa kasi hiyo. Iliweza. Gemu za Famicom kwa kawaida husoma pedi, yaani kidude cha mkononi chenye vitufe, mara moja kwa kila picha inayochorwa kwenye skrini, yaani kama mara 60 kwa sekunde. Bonyezo moja linahitaji picha moja kitufe kikiwa chini na nyingine kikiwa juu, hivyo ukomo ni kama 30. Mara 16 inaingia bila shida. Kilichoshindwa mapema kilikuwa plastiki. Famicom za mwanzo zilikuwa na vitufe vya mraba vya raba, ambavyo vilikuwa na tabia ya kunasa. Baadaye vikaja vya duara vya plastiki ngumu. Halafu nyaya za pedi zake zimeungwa moja kwa moja ndani ya konsoli. Kitufe kikifa katikati ya shindano, huchomoi pedi. Unainua mashine nzima. Siwaonei wivu waliokuwa wanapakia lile gari.

Wazazi nao walikuwepo, mikono imekunjwa, nyuma ya watoto. Takahashi aliwaona, akawaambia watoto neno ambalo hadi leo linatajwa pamoja na jina lake: gemu ni saa moja kwa siku. Mtu wa mauzo anawaambia wateja wapunguze! Mimi naona hakuwahi kutoa tangazo bora kuliko hilo, maana liliwalenga wenye pochi.

Nintendo walipita njia nyingine. Mwaka 1987 walifanya mashindano ya gofu kwa diski za buluu: unacheza kwako, unapeleka diski dukani, mashine ya pale inatuma matokeo yako. Kwa shindano la pili, watu 10,000 walipata kaseti ya dhahabu ya Punch-Out!!, gemu ya ndondi. Werevu mtupu, ila hakuna foleni, hakuna kelele, hakuna mtu wa kumtazama kidole.

Msafara wenyewe wa Hudson ulikuja kuhamia kwenye Bomberman, gemu yao ya kulipuana kwa mabomu. Mwaka 1993 wakaleta Hi-Ten Bomberman, watu 10 kwenye skrini moja pana. Hudson ilimezwa na Konami mwaka 2012.

Jambo moja huwa linanichekesha. Hudson hao hao waliouza kasi ya kidole waliuza pia Joycard, pedi yenye turbo: unashikilia kitufe, risasi zinamiminika zenyewe. Na zile TV game zetu zilikuja na vitufe vya turbo tayari, kwa hiyo kizazi chetu kizima kilicheza Star Force bila kujua kwamba kidole kilikuwa na kazi. Siku ile uani nilivifunika kwa gundi ya karatasi. Kufika saa kumi, vijana walikuwa wameshaibandua.

Safari hii nafungua pedi zote nane na kukata njia ya turbo kwenye bodi yenyewe. Tano tayari.